Ombi la saa moja na kifungo kisicho na tarehe: uchambuzi wa kisa kutoka Tanga

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria, maafisa ustawi wa jamii na ndugu wenye mtu wao anayetumikia kifungo cha maisha. Majina yameondolewa, kijiji hakitajwi, na mambo machache ya ukoo yamefichwa. Mfuatano wa matukio umeachwa kama ulivyokuwa, kwa sababu mafunzo yote yamo humo.

Kwa kifupi, familia moja ilikuwa na maombi mawili: ndugu yao aruhusiwe kwenda kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa wa kufa, na kifungo chake kiangaliwe upya. Waliyaweka yote mawili katika barua moja. Ombi dogo likakwama nyuma ya kubwa.

Usuli

Mfungwa alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mkwezi wa minazi katika kijiji kilichoko ng'ambo ya mto Pangani. Katika ugomvi wa mpaka wa shamba alimkata jirani kwa panga, na jirani yule akafariki kabla hajavushwa kupelekwa hospitali. Mahakama Kuu ilipoketi Tanga ilimtia hatiani kwa mauaji ya kukusudia. Kwa kosa hilo kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji nafasi ya kupima. Adhabu ni moja, kunyongwa hadi kufa. Rufaa ikatupwa na Mahakama ya Rufani.

Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994, kwa hiyo alichofanya ni kukaa kondemu, sehemu ya gereza ya waliohukumiwa kifo, mwaka baada ya mwaka, akisubiri kitu ambacho kila mtu gerezani alijua hakiji na hakuna aliyethubutu kumwapia. Hatimaye Rais, kwa madaraka ya Ibara ya 45 ya Katiba, akambadilishia adhabu ikawa kifungo cha maisha. Dada yake mkubwa anasema siku habari zilipofika alipika pilau akawaita majirani.

Alikuwa na haki ya kufurahi. Jambo ambalo hakuna aliyemweleza ni kwamba kaka yake ametoka kwenye kamba na kuingia kwenye kifungo kisicho na tarehe. Aliyehukumiwa miaka 30 anaweza kukaa chini na mnyapara wake wakahesabu. Wa maisha hana cha kuhesabu, na kwa kuwa hana tarehe, jalada lake nalo halina sababu ya kufunguliwa. Hili la jalada ndilo lililokuja kuigharimu familia baadaye.

Milango iliyokuwepo

Ndugu walipoanza kuulizia walitajiwa njia nne, na aliyewatajia hakuwaambia zipi zimefungwa.

Parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, haikuwa yake. Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 inawaweka wafungwa wa maisha nje ya wanaostahili, pamoja na waliofungwa kwa makosa mengine kadhaa. Msamaha wa sikukuu za taifa nao ulimpita. Aprili 26, 2021, siku ya Muungano, Rais Samia alitoa msamaha kwa wafungwa 5,001, na familia hii ilikaa karibu na redio kama familia nyingine zote. Lakini matangazo ya namna hiyo kwa kawaida huorodhesha wa maisha miongoni mwa wasiohusika. Mlango wa Mahakama ya Rufani ulikuwa umefungwa zamani. Kanuni za mahakama hiyo za 2009, kanuni ya 66, zinaruhusu mapitio ya hukumu kwa sababu chache sana, na ombi lazima lifike ndani ya siku 60.

Ukabaki mlango mmoja, Ibara ya 45 ileile. Rais aliyepunguza adhabu mara moja hazuiwi kuipunguza tena. Watu wa Tanga hawakuhitaji kusomewa Katiba ili waamini hilo. Desemba 9, 2017 walimsikia Rais Magufuli, akiwa Dodoma, akiwaachia wanamuziki wawili, baba na mwana, waliokuwa wakitumikia maisha. Tangu siku ile kila mwenye ndugu wa maisha anakuuliza swali moja: mbona wale? Jibu la kweli haliridhishi. Ibara ya 45 inampa Rais madaraka, haimpi mfungwa foleni. Unaweza kuomba, na ukiomba uombe vizuri, lakini hakuna tarehe ambayo mtu amefungwa na sheria kukujibu.

Barua ya kwanza

Mama wa mfungwa, bibi wa miaka zaidi ya sabini, alipatikana na saratani ya shingo ya kizazi ikiwa imeshasambaa. Madaktari walisema wazi kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Alikuwa na neno moja tu: nimwone mwanangu.

Familia ikaangukia mikononi mwa kishoka, yaani wakili bandia. Alivaa suti, alikaa jirani na mahakama, na alikuwa na habari mpya: "Kenya wameshafuta kifungo cha maisha, na sisi tunafuata." Habari hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli, ndiyo maana iliuzika. Julai 2023 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliyoketi Malindi ilisema kifungo cha maisha kisicho na kikomo kinakwenda kinyume na katiba yao. Kwanza, uamuzi wa Malindi haumfungi jaji yeyote wa Tanga. Pili, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuja kuutengua Aprili 2025. Lakini wakati ule familia ilisikia neno "wamefuta", ikatoa laki sita za mauzo ya nazi.

Kwa fedha hiyo walipata barua ya kurasa nne, imepigwa chapa vizuri, yenye kichwa kirefu kilichounganisha mapitio ya kifungo na ruhusa ya kwenda kumwona mzazi mgonjwa. Iliandikwa kwa Rais. Nakala zilikwenda kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, kwa Mkuu wa Mkoa na, mwisho kabisa wa orodha, kwa Mkuu wa Gereza.

Kwa macho ya familia, nakala nyingi zilikuwa nguvu. Ofisini mambo ni mengine. Anayepokea nakala hajaombwa kitu. Ameambiwa tu kwamba mwenzake ameombwa. Mkuu wa Gereza, ambaye ndiye pekee angeweza kulianzisha suala la ruhusa wiki ile ile, aliisoma, akaona imeelekezwa kwa Rais, akaiweka jaladani. Asingeweza kujibu barua iliyoandikiwa mkubwa wake wa mwisho. Huko juu nako barua ya mapitio ya kifungo cha maisha haiharakishwi na mtu. Wiki zikapita. Bibi akaacha kula vitu vigumu.

Kuyatenganisha maombi

Dada alifika kwenye kitengo cha msaada wa kisheria kwa kuelekezwa na muuguzi. Huduma hii haitozwi fedha, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria anayeitoa. Jambo la kwanza lililoamuliwa ni kuyatenganisha maombi, na ombi la mapitio liwekwe kando kabisa mpaka la ruhusa lipate jibu, liwe ndiyo au hapana.

Dada alipinga kwa nguvu. Kwake hayo yalikuwa jambo moja, kaka yake arudi nyumbani. Aliogopa pia kwamba wakiomba kidogo watapewa kidogo na kuambiwa basi. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Alielezwa hivi: anayeombwa saa moja anapima ulinzi wa saa moja, lakini anayeombwa saa moja ndani ya barua ya kuomba uhuru anapima uhuru.

Barua mpya ilikuwa ya ukurasa mmoja na ilielekezwa kwa Mkuu wa Gereza peke yake. Ilisema nani anaumwa na ni nani kwa mfungwa, iliambatisha maelezo ya daktari, ikaomba saa moja chini ya ulinzi, na ikataja namba ya simu ya ndugu mmoja wa kuwasiliana naye. Ilirejea pia Kanuni za Mandela, yaani kanuni za chini za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa zilizopitishwa Desemba 2015. Kanuni ya 70 inasema mfungwa aarifiwe mara moja ndugu wa karibu anapougua sana au kufariki, na hali ikiruhusu apewe ruhusa, kwa ulinzi au bila ulinzi, kwenda kumwona mgonjwa au kuhudhuria mazishi. Kanuni hizo hazimlazimishi Mkuu wa Gereza kwa nguvu ya sheria, lakini zinampa maneno ya kumwandikia mkubwa wake. (Mandela mwenyewe, akiwa Robben Island, alinyimwa ruhusa ya kumzika mama yake mwaka 1968 na mwanawe wa kwanza mwaka 1969.)

Likabaki swali la mahali, na hapo ndipo uamuzi mgumu kuliko yote ulipofanywa. Mama alikuwa kijijini. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kilomita 50 hivi, kisha kivuko, kisha barabara ya vumbi. Kwa gereza hilo ni gari la siku nzima, mafuta, askari kadhaa walioondolewa zamu, na mfungwa wa maisha akiwa kwenye kivuko katikati ya abiria. Afisa wa gereza aliyeulizwa kwa mdomo hakuficha: kijijini haitawezekana, lakini mtu huyo akiwa mjini tunaweza kuzungumza.

Maana yake ni kwamba mgonjwa wa kufa ndiye asafiri ili gereza lisisafiri. Bibi alikuwa ameshakataa mara mbili kupelekwa mjini. Hakutaka kufia hospitali, alitaka kufia kitandani kwake na kuzikwa karibu na mumewe. Wanawe wa kiume walisema aachwe. Aliyeamua ni yeye mwenyewe: "Nipelekeni nikamwone, kisha mnirudishe." Alilazwa hospitali mjini kwa ajili ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu, akaanzishiwa mofini ya maji, na siku mbili baadaye barua ikafikishwa gerezani ikiwa na jina la wodi.

Siku ya hospitali

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Mkuu wa Gereza alikuwa amewasiliana na Mkuu wa Magereza wa Mkoa, na ruhusa ikatoka kwa masharti: ulinzi wa askari, pingu, ndugu wawili tu chumbani, na familia isijulishwe saa kamili mapema.

Mambo mawili madogo yalibadili kabisa siku ile. La kwanza lilifanywa na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Aliomba ziara iwe baada ya muda wa kuona wagonjwa, akatafuta chumba cha pembeni ambacho bibi alihamishiwa asubuhi. La sivyo mfungwa angepita katikati ya wodi ya wanawake akiwa na sare ya rangi ya chungwa, huku watu wakinyoosha shingo, na bibi angeishi siku zake za mwisho akiwa "mama wa yule". Kanuni ya 73 katika kanuni zilezile inataka mfungwa anaposafirishwa asianikwe mbele za watu. Afisa yule hakuwa ameisoma. Alitumia akili na haya.

La pili lilikuwa pingu. Askari aliyeongoza ulinzi alipoona jinsi chumba kilivyo, mlango mmoja na dirisha la nondo, alifungua mkono mmoja na kuifunga pingu ya pili mkononi mwa askari mwenzake. Mfungwa akaweza kumshika mama yake kwa mkono wa kulia. Mambo ya aina hii hayaandikwi kwenye masharti. Yanategemea nani yuko zamu, na ndugu wanaolalamika kwamba "mwenzetu alikatazwa, huyu karuhusiwa" wana haki ya kulalamika.

Walikaa kama dakika arobaini. Dada anasema sehemu kubwa ya muda bibi aliulizia habari za chakula cha gerezani, na mfungwa aliulizia minazi. Suala la kifungo halikuguswa. Kurudi kulikuwa shwari, na askari yule akaandika taarifa fupi kwamba mfungwa alitii maelekezo yote na amerejeshwa salama. Taarifa hiyo ikaingia jaladani.

Kifo na mazishi

Bibi alirudishwa kijijini kama alivyotaka. Alifariki alfajiri, siku ya tisa baada ya ziara. Kwa desturi ya Waislamu wa pwani maiti haikai. Mazishi yalipangwa baada ya sala ya adhuhuri, wakasogeza hadi alasiri kumsubiri mtoto mmoja atoke Muheza.

Dada alipiga simu gerezani saa moja asubuhi. Mfungwa aliarifiwa na Mkuu wa Gereza mwenyewe ndani ya saa ile ile, jambo linalostahili kutajwa kwa sifa. Ombi la kwenda kuzika lilikataliwa kabla ya saa nne. Sababu zilikuwa tatu: gari lilikuwa mahakamani na mahabusu, kivuko na giza la kurudi, na hali ya kijijini haijulikani kwa kuwa ndugu wa marehemu aliyeuawa bado wanaishi palepale. Wafungwa wenzake walimsomea khitma bwenini jioni.

Kwa maoni yangu, asubuhi ile kukataa kulikuwa sawa. Hakuna ofisa mwenye busara angempeleka mfungwa wa maisha, bila maandalizi, kwenye kijiji alichoulia mtu. Muda uliopotea ni zile siku tisa. Zingetosha kumpigia simu mtendaji wa kijiji, kuzungumza na upande wa pili, na kupata kibali cha awali. Hakuna aliyefanya hivyo kwa sababu familia haikutaka neno mazishi litamkwe mama akiwa hai. Ni uchuro. Msaidizi wa kisheria aliyejaribu kuligusia alikatizwa na kaka mkubwa, na mtu asiye wa ukoo hawezi kulisema mara mbili.

Njia iliyotumika katika kisa kingine cha karibuni ni kutolitaja kabisa: ombi la ruhusa linaandikwa "kwa kipindi chote cha ugonjwa wa mzazi na mambo yatakayofuata". Mkuu wa Gereza anaelewa, familia inaelewa, na hakuna aliyechuria.

Ombi la mapitio

Baada ya arobaini ndipo ombi la pili lilipoanza. Jalada lilipofunguliwa lilikuwa na hukumu, hati ya kubadilishiwa adhabu, ile barua ya kurasa nne, na taarifa ya ziara ya hospitali. Kwa zaidi ya miaka kumi ya mwisho hapakuwa na karatasi hata moja inayosema huyu ni mtu gani sasa. Mfungwa alikuwa fundi seremala anayefundisha wenzake karakana, na askari wote walijua. Lakini Rais na washauri wake hawako karakana, wanasoma kilichoandikwa.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la Vinter na wenzake dhidi ya Uingereza la Julai 9, 2013, ilisema mfungwa wa maisha ana haki ya kujua tangu siku ya kwanza afanye nini ili afikiriwe kuachiwa, na ni lini ataangaliwa. Uamuzi huo hautufungi, ila umegusa ugonjwa wenyewe. Mtu asiye na tarehe ya kuangaliwa hakusanyiwi ushahidi, na siku akiangaliwa kwa bahati, ushahidi haupo.

Kwa hiyo zikaandikwa taarifa za mwenendo, ya ufundi na ya mwalimu wa dini. Kisha msaidizi wa kisheria, akiwa na mtendaji wa kijiji na wazee wawili, alikwenda kwa familia ya aliyeuawa. Familia ya mfungwa ilipinga safari hiyo. Miaka yote walikuwa wakipishana na watu hao njiani bila kuzungumza. Mdogo wa marehemu alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Angekuja kumzika mama yake, nisingekuwa na neno. Mama ni mama. Kuja kukaa hapa, hilo ni jingine, tutazungumza."

Maneno hayo, yangepatikana miezi mitatu nyuma, yangeondoa moja ya sababu tatu za kukataliwa kwa ruhusa ya mazishi.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni kumwomba mtu kitu kilichomo ndani ya uwezo wake. Kanuni za kimataifa zilisaidia kidogo, maelezo ya daktari zaidi, lakini barua ilipata jibu kwa sababu ilimfikia ofisa ambaye swali lilikuwa lake.

Kumhamishia mgonjwa mjini kulifanikiwa pia, ila sipendekezi kigeuke kuwa desturi. Bibi huyu aliamua mwenyewe, alikuwa na nguvu ya kusafiri, na alirudishwa. Mgonjwa mwingine angefia kwenye kivuko.

Kuna wanaoshauri ruhusa iombwe kwa makusudi kama hatua ya kwanza ya kuachiwa, kwamba akienda na kurudi salama ni ushahidi. Ni kweli taarifa ya askari wa hospitali ikawa karatasi ya kwanza nzuri kwenye jalada lile. Lakini ilikuwa na uzito kwa sababu hakuna aliyeitafuta. Ofisa akishahisi kwamba saa moja ya kumwona mama ni mtego wa kumsukuma kwenye jambo jingine, wa kwanza kuumia ni mfungwa anayefuata mwenye mama mgonjwa.

Kilichoshindikana ni mazishi, na laki sita za kishoka hazijarudi. Familia ilikataa kumshtaki. Wanasema aliwaandikia walichomwomba. Nadhani wanamsamehe kwa urahisi mno, lakini fedha ni zao.

Ombi la Ibara ya 45 limewasilishwa kupitia kwa Mkuu wa Gereza na bado halijajibiwa. Baada ya maneno ya mdogo wa marehemu, liliongezwa ukurasa mmoja: endapo ataachiwa, mfungwa ataishi kwa dada yake mjini na si kijijini, na jirani mwenye karakana ya samani ameandika kwamba atampokea kazini. Gereza limekubali kuandika taarifa ya mwenendo wake kila mwaka na kuipeleka kwenye ombi hilo hadi litakapojibiwa. Ya kwanza imeshapelekwa.